Nilichosikia Mguuni mwa Jerono

Nafula mwanangu,

Nilimkosea Jerono. Nimeanza na hiyo kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitakuuliza kama umeweka blanketi, nitaingia kwa mvua, nitaingia kwa barabara ya Eldoret, na karatasi itaisha kama sijasema kitu. Tangu asubuhi karatasi tatu zimeisha hivyo. Nimewasha jiko nazo.

Jumamosi ulirudi kutoka Kamere, kule Naivasha, kumuaga shangazi yako. Ukaweka begi chini, hata viatu hujatoa, ukaniuliza, "Baba, ulisikia nini mguuni mwa Jerono?" Nikajibu vile mtu hujibu akishikwa. Nilipiga meza. Nikasema, "Hata chuo hujafika na ushaanza kunihoji kama daktari?" Ukachukua sahani yangu ukaenda kuosha. Tangu siku hiyo ni "ndiyo baba," "hapana baba," na "chai iko kwa thermos."

Leo ni Jumanne, saa tisa mchana. Mmeenda sokoni na mama yako kutafuta beseni na kufuli ya sanduku. Kesho asubuhi unaenda kusomea hiyo fizio, kazi ya kutibu misuli na viungo, na mimi nimebaki hapa na kalamu inayokwaruza. Mambo ya kupika, ya kufua, ya vijana na ya kanisa, mama yako ameshakwambia na atakwambia tena mkirudi. Mimi hapo sina neno. Neno langu liko kwa hiki kidole gumba, kile ambacho watu wa mbio wamekuwa wakikisifu tangu hujazaliwa.

Jibu la swali lako ni hili: nilisikia mfupa. Nilisikia mfupa, nikasema ni misuli.

Ndiyo hiyo. Ningesema Jumamosi ingekuwa imeisha. Lakini mtu mzima wa miaka hamsini na mbili anapiga meza mbele ya mtoto wake kwa sababu ya maneno mawili. Inaniudhi mpaka nashindwa kukaa kwa kiti.

Sasa wacha nikueleze kutoka mwanzo, na usinihurumie mahali popote.

Kazi hii ya kuchua watu sikuisomea. Nilitoka shule kidato cha pili, nikaja Nakuru, nikaajiriwa kubeba vyuma kwa duka la spea la Mzee Singh. Yeye alikuwa amecheza hoki ujanani, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Siku moja akaniona nikimkanda mwenzangu mgongo pale stoo, akaniambia, "Wewe iko na mkono. Kichwa sijui, lakini mkono iko." Ikawa kila jioni duka likifungwa ananilazia yale magoti juu ya benchi, ananifundisha kwa mwili wake mwenyewe. Hapa bonyeza, hapa pitisha tu, hapa wacha. Akanitambulisha kwa wenzake wa hoki, hao wakanipeleka kwa watu wa raga, watu wa raga wakanipeleka kwa wakimbiaji. Hivyo ndivyo nilifika kile chumba cha nyuma ya jimu unachokijua, na kambi ile ya mbio ya juu Molo, kila Jumamosi.

Kuna kitu Mzee Singh alinifundisha kabla ya vingine vyote. Alinishika mkono, akaweka kidole changu juu ya ugoko wake, akasema, "Sikia. Misuli ikiuma, uchungu inatembea. Unasukuma hapa, inaenda pale, inarudi. Mfupa ikiuma, inakaa pahali moja. Kama shilingi. Ukipata shilingi, toa mkono. Simamisha mtu, aruke mguu moja mara tatu. Kama hawezi ruka, hiyo si kazi yako. Peleka hospitali, apigwe picha."

Kuruka mara tatu ni dakika moja, Nafula. Hata dakika haifiki.

Sasa Jerono. Wewe ulimjua kama mtu wa kukusuka. Ulikuwa darasa la saba, na yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, kama ulivyo wewe leo. Alikuwa akishuka mjini siku za katikati ya wiki nimchue miguu kwa ile jimu, halafu anakuja hapa nyumbani, anakukalisha chini katikati ya magoti yake, anakuvuta nywele mkipiga kelele na kucheka. Mama yako alikuwa anasema huyo msichana anakula kama amekimbia kutoka Molo kwa miguu. Na yeye anajibu, "Mathe, si ndiyo kazi yangu?"

Alikuwa mzuri. Sisemi mzuri wa kushangilia tu. Nimeshika miguu mingi, na yake ilikuwa inarudi haraka. Ukimchua leo, kesho ni kama hakuna kilichotokea. Kocha alikuwa amemwandikisha kwa majaribio ya kilomita kumi, na wote pale kambini walijua kwamba akifanya vizuri siku hiyo, anaondoka Molo anaenda mbele.

Siku tisa kabla ya hayo majaribio, Ijumaa, kocha aliniita nipande kambini mapema. Akanipata getini akaniambia kitu ambacho sijawahi kukwambia. Akasema, "Mwezi ujao tunaletewa fizio. Mwenye karatasi. Sijui kama tutahitaji watu wawili." Alisema tu hivyo, akaenda kuangalia saa yake. Mimi nikaingia kambini na hiyo kitu kifuani.

Unajua vile wanalala pale. Mikeka kwa mstari juu ya nyasi, vichwa upande wa jikoni, miguu upande wa ua. Na unajua tabia yao. Hakuna mtu anakubali kupiga kelele mkekani. Ukisema "ai," wanakucheka mpaka jioni. "Huyu apelekwe kwaya!" Mwingine ananiambia, "Buda, leo hukukula? Finya basi!" Wanaamini masaji ambayo haiumi ni ya watalii. Na mimi nililea hiyo tabia, kwa sababu ilinifanya mkubwa. Mtu akishindwa kuvumilia anauma mkono wa jaketi yake, ananyamaza. Jaketi zote za ile kambi zina alama za meno.

Jerono alikuwa mkeka wa nne. Nikapita kwa nyama ya nyuma ya mguu, iko sawa. Nikazunguka mbele, upande wa ndani wa ugoko wa kushoto, chini kidogo ya katikati. Akashtuka. Mguu wote ulishtuka kabla yeye hajataka.

"Baba Nafula, hapo pole pole."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Si pengine. Ni hapo tu."

Nikasogeza kidole juu, akatulia. Nikasogeza chini, akatulia. Nikarudi pale katikati, akauma jaketi. Palikuwa na joto, na chini ya ngozi palikuwa na kitu kidogo kimevimba kama punje ya mahindi. Shilingi ya Mzee Singh. Niliisikia kama vile nasikia hii kalamu.

Kocha alikuwa amesimama juu yangu na kikombe.

"Ni nini hapo?"

Kidole changu kilikuwa bado kiko juu ya mguu. Nikasema, "Misuli imekaza."

"Siku tisa zinatosha?"

"Zinatosha na zingine zinabaki."

Yeye akacheka, akaenda. Na mimi nikakandamiza mahali pale na kidole ili kocha akigeuka aone nafanya kazi. Jerono akatoa machozi bila sauti. Nikamwambia, "Vumilia, unataka kwenda mbele ama hutaki?" Hayo ni maneno yangu. Nimejaribu kuyasahau na hayatoki.

Nilimchua pale pale mara mbili zingine kabla ya siku yenyewe. Sikumwambia aruke. Nilijua nikimwambia aruke hataweza, na nikijua hataweza itabidi niseme "sijui, mpelekeni picha," na kocha atasema, si unaona, tunataka mwenye karatasi. Mwanangu, nilikuwa naogopa mtu ambaye hajafika. Sijui hata alikuwa mwanamume au mwanamke. Hakuja mwezi huo, wala mwaka huo.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi. Kambi ilikuwa kimya, wengine wamelala. Jerono alikuwa na furaha siku hiyo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nikuambie siri? Jana sikulala kambini. Dada yangu amejifungua, yuko Sachangwan. Nilitoroka nikamwona mtoto, nikalala huko, nikarudi na alfajiri. Ni msichana. Ana nywele, wacha tu! Nitamsuka akiwa na mwezi mmoja. Usiambie kocha."

Nikamwambia, "Hapa mkekani kocha hana maskio."

Hapo ndipo inaniuma kuliko ule mfupa. Watu wakilala mkekani wanasema. Utaona. Mtu hajavaa soksi, anaangalia juu mawingu au anaangalia chini nyasi, mikono ya mtu iko juu yake, na maneno yanatoka. Nimeambiwa mimba kabla ya bwana kuambiwa. Nimeambiwa mtu anataka kuacha mbio na kocha bado anampangia mwaka mzima. Sikuwahi kutoa hata moja. Nilitoa moja tu, na hiyo moja ndiyo hii.

Jumapili ya majaribio alikimbia mizunguko kumi na saba kati ya ishirini na tano. Alikuwa wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba na chupa ya mafuta. Waliokuwa karibu walisema walisikia kitu kama kijiti kikavu. Mimi sikusikia. Niliona vile alianguka tu. Mtu akijikwaa anatanguliza mikono. Yeye hakutanguliza mikono. Alishuka kama nguo ikitoka kwa kamba.

Hospitalini daktari alitoka na ile picha akaiinua kwa dirisha. Akamuuliza kocha, "Nani alikuwa anamwangalia huyu? Huu ufa haukuanza leo. Ni wa wiki mbili, labda tatu. Amekuwa akikimbia juu yake mpaka mfupa umekatika." Kocha akageuka, akaniangalia.

"Si wewe ulisema misuli?"

Nafula, nilikuwa na nafasi pale. Koridoo ile ni ndefu, watu walikuwa wachache, hakuna aliyekuwa amenishika shati. Ningesema, "Nilisikia nikanyamaza." Badala yake mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ilikuwa misuli. Lakini Jumatano hakulala kambini. Nasikia alikuwa na mbio za barabarani huko chini, za zawadi. Labda huko ndiko alijimaliza."

Nasikia! Nilisikia kutoka kwa nani? Kutoka kwa yeye mwenyewe, akinipa habari ya mtoto mchanga. Nikachukua kitu chake, nikakigeuza, nikamfunika nacho.

Kocha akaingia wodini kumuuliza, "Jumatano ulilala wapi?" Jerono akasema kwa dada yake. Lakini alikuwa ametoroka kweli, na yeye si mtu wa kujua kudanganya, akaanza kulia na kujieleza vibaya. Dada akaletwa, akasema ni kweli alikuwa kwake. Kocha akasema dada lazima amtetee. Basi ikaisha. Baba yake mzee, mtu wa viazi na kondoo pale juu, alimwambia mbele ya mlango wa wodi kwamba yeye hana mtoto wa kumdanganya mwalimu. Mfupa ulishika, lakini kombo kidogo. Kambi haikumrudisha. Akaenda Naivasha, kufanya kazi kwa mashamba ya maua.

Na wewe ulikaa hapa na nywele zako zimefumuliwa, unaniuliza mbona Jerono haji. Unakumbuka nilikwambia nini? "Ni mkaidi huyo. Alijiharibia." Ukaacha kuuliza. Wewe pia nilikudanganya, ukiwa na miaka kumi na tatu, na nikakutuma ukaniletee maji ya kunywa.

Kama ingeishia hapo ningekuwa nimekosa mara moja. Lakini haikuishia. Kila Jumamosi baada ya mbio ndefu wanakunywa chai, wanalala mikekani, na kocha anasimama katikati na kikombe anawafundisha wageni. Na kila kikundi kipya kikija lazima afike kwa Jerono. "Kulikuwa na msichana hapa, miguu yake ilikuwa ya kwenda mbali. Akatoroka akakimbilia zawadi ndogo, leo anapanga maua." Halafu ananiangalia. "Ama namna gani, Baba Nafula? Wewe si ulikuwepo?"

Na mimi na mikono yangu kwa mguu wa mtu najibu, "Nilikuwepo."

Miaka sita. Sasa pale kambini ni neno. Mtu akichelewa kurudi wanamwambia, "Unafanya ujerono." Watoto ambao hawajawahi kumwona wanatumia jina lake kama tusi.

Mwaka jana kijana mmoja mgeni alilala mkekani. Nikapita kwa ugoko, nikapata mahali pamoja, kama shilingi. Nikamuuliza, "Hii imekaa siku ngapi?" Akasema mwezi mzima. "Na mbona hukusema?" Akaangalia upande kocha alikuwa, akanong'ona, "Mzee, nikisema nimeumia watauliza nilikuwa nakimbilia wapi. Sitaki kuitwa Jerono."

Umesikia hiyo? Ule uongo haukulala. Ulikuwa umekaa hapo unafanya kazi, unafundisha watu kuficha mifupa. Nilimsimamisha yule kijana, akaruka mara moja akashika ua asianguke. Nikamwambia kocha wazi, mbele ya watu, "Huyu sio wangu. Mpeleke picha." Akapelekwa, akapumzishwa, amerudi anakimbia. Nikaenda nyumbani siku hiyo najiona mtu mzuri. Niliimba njiani! Ati nimejirekebisha. Nilikuwa nimerekebisha sehemu rahisi, ile ya mkono. Ile ya mdomo niliiacha vile vile, na Jumamosi iliyofuata kocha akauliza, "Ama namna gani, Baba Nafula?" nikajibu, "Nilikuwepo."

Nimewakasirikia wengine pia, nisikudanganye. Nimemkasirikia kocha, ambaye aliamini haraka kwa sababu ilimfaa. Nimewakasirikia wakimbiaji na jaketi zao za kuuma. Tangu Jumamosi nimekuwa nikizungusha hiyo hasira nikitafuta pa kuitupa, na kila nikiitupa inarudi hapa hapa kwa kidole.

Mama yako nilimwambia leo asubuhi ukiwa unaoga. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya. Aliuliza tu, "Kwa hivyo miaka yote hiyo umekuwa ukila ugali yangu, unalala, unakoroma, na hiyo kitu iko ndani?"

Nikasema ndiyo.

"Na yule msichana alikuwa akila hapa kwa hii meza."

Nikasema ndiyo.

Akamenya kiazi kingine mpaka kikabaki kidogo kama yai. Akasema, "Mtoto wako asiondoke na hii. Andika kama huwezi kusema. Na ukiandika usijipake mafuta." Ndiyo maana naandika. Huyo ndiye mama yako, usije ukafikiri mawazo haya ni yangu.

Sasa unaenda kusomea karatasi ile niliyokuwa naiogopa. Nimefikiria nikupe nini cha kazi, kwa sababu cha vitabu watakupa huko. Sikwambii uwe mwaminifu. Hiyo kila mtu atakwambia, na hata mimi ningeulizwa siku ile ningesema mimi ni mwaminifu. Nakupa kitu kidogo ambacho nimekitafuta miaka sita. Siku utasikia kitu chini ya kidole, na kuna mkubwa amesimama hapo anangoja jibu, toa mkono kwanza. Utoe kabisa, uusimamishe mwili wako, ufute mafuta kwa kitambaa. Mimi nilijibu na kidole bado kiko juu ya mguu, na mtu akijibu hivyo anajibu ili aendelee na kazi. Kama ningetoa mkono na kufuta mafuta, hiyo nafasi ndogo, pengine ningesikia mdomo wangu kabla haujasema.

Pengine. Sina hakika. Mtu mwoga anaweza kufuta mikono na bado adanganye.

Na kitu kingine. Utasikia watu wakisema wanataka uchungu ndiyo wajue umefanya kazi. Waache waseme. Yule dada wa benki anayekimbia jioni kupanda Milimani, ambaye hulia kama mbuzi nikimgusa paja, nilikuwa namdharau. Kumbe ndiye mteja wa kweli pekee niliyekuwa naye. Alikuwa ananiambia mahali panauma bila kuona haya. Jerono pia aliniambia, Nafula. Hapo ndipo najikwaa kila mara. Hakuficha. Aliniambia, "Ni hapo tu," kidole changu kikiwa mahali penyewe, na mimi ndiye nilimfundisha kunyamaza.

Shangazi yako amenielezea kwa simu vile mlikutana. Mlikuwa kwa meza za samaki pale Kamere, Jerono ametoka kazini na buti bado ziko mguuni, anasimama na mguu wa kulia kwa sababu wa kushoto umeshinda umesimama. Ati alikushika nywele kwanza kabla hajakusalimia, akasema, "Nani anakusuka hivi vibaya?" Halafu akakuuliza kama baba yako bado anachua watu. Hakunitukana. Aliniachia tu lile swali la nilisikia nini mguuni mwake, na akakupa wewe ulibebe. Kwa hivyo alijua. Miaka sita anajua kwamba mimi nilijua, na hakuwahi kuja kunigongea mlango. Sijui kwa nini. Labda alikuwa anangoja nije mimi.

Kwa hivyo sikiliza, na ushike haya mambo vizuri kwa sababu sitaki kujiachia mlango wa nyuma.

Keshokutwa Alhamisi nashuka Kamere. Nitamngoja atoke kazini, nitamwambia vile nimekuandikia, nikiwa nimesimama, bila kuongeza na bila kupunguza. Akinitukana nitasikia. Akikataa kuniona nitaacha maneno kwa shangazi yako. Sitamwomba anisamehe, kwa sababu hiyo ingekuwa ni kumpa kazi ingine ya kunifanyia. Nitamwomba tu ruhusa ya kulitaja jina la dada yake na yule mtoto. Akikataa, hilo nitaliacha, lakini uongo wangu nitautaja, kwa sababu huo ni wangu.

Jumamosi napanda kambini kama kawaida. Nitangoja warudi kutoka mbio ndefu. Chai ikishamiminwa na watu wakiwa wamelala mikekani, kabla mimi sijagusa mguu wa mtu yeyote na kabla ile sufuria haijaisha, nitasimama pale kocha husimama. Nitawaambia Jerono hakuwa amekimbilia zawadi yoyote. Nitawaambia alinionyesha mahali, nikasikia mfupa, nikasema misuli, halafu nikamtungia hadithi, na hiyo hadithi ndiyo mmekuwa mkinywea chai. Wakiniambia nikunje mkeka, nitaukunja. Kisha nitamwomba kocha tutembee pamoja mpaka kwa baba yake Jerono siku hiyo hiyo, kabla jua halijashuka, na asipotaka kuja nitaenda peke yangu. Njia ya kwa mzee yule naijua.

Mkirudi, hii barua nitaiweka ndani ya beseni jipya, chini ya blanketi. Kesho sitakuuliza kama umeisoma. Nitakubebea sanduku mpaka steji ya magari, na ukitaka kuniambia "ndiyo baba" na "hapana baba" njia nzima, hiyo ni haki yako.

Na Jumapili usinipigie mimi kuniuliza kama nimefanya. Namba ya Jerono unayo, alikupa pale Kamere. Mpigie yeye.

Baba yako.